Elimu ya lishe kijijini: siku ya kijiji, nyumba kwa nyumba, kikundi cha mapishi au redio?

Iringa inalima mahindi, maharage, viazi na mboga. Njombe inavuna parachichi hadi za kuuza nje ya nchi. Rukwa inalisha mikoa mingine nafaka. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyotaka kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, ni karibu asilimia 57 Iringa, na karibu nusu ya watoto wote wa chini ya miaka mitano huko Njombe na Rukwa. Kwa Tanzania nzima kiwango kilikuwa asilimia 30, kutoka 34 mwaka 2015/16 na 42 mwaka 2010. Nchi inashuka, na mikoa inayowalisha wengine ndiyo iliyoachwa nyuma.

Kamati ya lishe ya kijiji, kikundi cha akina mama, usharika au shirika dogo lenye fedha kidogo linapokaa kujadili hali hii, pendekezo la kwanza huwa: tutoe elimu. Ni pendekezo zuri. Ugumu unaanza baadaye, pale inapobidi kuamua elimu hiyo itolewe wapi, na nani, na nani hasa aisikie. Njia zinazotumika zaidi vijijini kwetu ni nne, na kila moja ina watetezi wanaoamini kwamba nyingine ni kupoteza muda. Hapa nazipima zote kwa vigezo vilevile, kwa ajili ya wale ambao fedha yao inatosha njia moja, au mbili wakibana.

Vigezo

*Inamfikia nani.* Mama ndiye anayeitwa mkutanoni. Lakini bibi ndiye anayebaki na mtoto mama akienda shambani au kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, na mara nyingi baba ndiye anayeamua gunia liuzwe lini na kuku auzwe au abaki. Njia inayomfundisha mama peke yake inamwachia mzigo wa kwenda kuwashawishi wenzake nyumbani, na wengine hawawezi kuubeba.

*Inafundisha kwa mikono au kwa mdomo.* Mtu anaweza kukariri makundi yote ya chakula na bado akakoroga uji mwepesi kama maji.

*Inarudi mara ngapi.* Siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, zina hatua nyingi. Mjamzito ana lake la kujifunza. Mwenye mtoto wa miezi minne anahitaji kutiwa moyo aendelee na maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Mtoto wa miezi saba anataka milo miwili hadi mitatu kwa siku. Wa miezi kumi, mitatu hadi minne. Ujumbe ukipita mara moja, unamkuta mzazi katika hatua moja na kumwacha katika zote zinazofuata.

*Inastahimili msimu wa shamba.* Nyanda za juu kusini, mvua za Novemba na Desemba zikianza, watu wako shambani alfajiri hadi jioni, na palizi inafika hadi Februari. Ndio wakati huohuo ghala linapungua. Elimu inayosimama miezi hiyo imesimama mtoto anapoihitaji zaidi.

*Gharama, na nani anazibeba.* Hapa nahesabu pia muda wa akina mama na jasho la wanaojitolea. Vyote viwili ni gharama, hata kama haviandikwi kwenye bajeti.

Kabla ya kuendelea, jambo moja lisemwe wazi. Elimu haijazi ghala. Nyumba isiyo na chakula kabisa haihitaji kuambiwa ile nini. Inahitaji kuingizwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), au kusaidiwa mbegu na kuku. Elimu inabadilisha mengi pale chakula kipo ila hakimfikii mtoto, na huko ndiko nyanda za juu ziliko kwa sehemu kubwa.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji

Wengi wanaijua kama SALIKI. Kila robo mwaka watoto huletwa ofisi ya kijiji au sehemu iliyopangwa, wanapimwa, wazazi wanapewa ushauri, na mara nyingi sufuria inabandikwa ili watu waone mapishi. Asili yake iko Iringa hapohapo. Mwaka 1983 mpango wa lishe wa WHO na UNICEF, kwa fedha za Italia, ulianza katika vijiji 168: watoto walipimwa kila baada ya miezi mitatu na matokeo yakajadiliwa na kijiji chenyewe. Utapiamlo mkali ulipungua, na mpango ule ukawa mfano uliosomwa katika nchi nyingine.

*Inamfikia nani.* Kijiji kizima, pamoja na mwenyekiti na mtendaji, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Pale ambapo nusu ya watoto wamedumaa, mtoto mfupi anaonekana wa kawaida. Mama anamlinganisha na wa jirani, anaona wako sawa, anaridhika. Namba zikisomwa mbele ya mkutano, ya kitongoji hiki na kile, udumavu unakoma kuwa jambo la mikoani na kwenye taarifa za habari.

Sharti ni kupima urefu. Mtoto anaweza kuwa na uzito unaolingana na kimo chake, mashavu yamejaa, naye amedumaa. Siku inayokuja na mzani na utepe wa kupimia mzunguko wa mkono bila ubao wa kupimia urefu inapima tatizo jingine, halafu inawarudisha wazazi nyumbani wakiamini mambo ni mazuri.

*Mikono au mdomo.* Mdomo zaidi. Mapishi yapo, lakini anayepika ni mtaalamu, na walio nyuma hawaoni sufuria.

*Marudio.* Mara nne kwa mwaka. Mtoto aliyepimwa na miezi sita anarudi na miezi tisa, na katikati zimepita wiki nyingi za uji.

*Msimu.* Mahudhurio hushuka wakati wa palizi. Na wanaokosa mara nyingi ni walewale: mama wa kibarua, nyumba iliyo bondeni, mama kijana anayeona aibu mtoto wake kuwekwa kwenye mzani mbele za watu.

*Gharama.* Ndogo kwa kila mtoto. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na ni haki ya serikali ya kijiji kuuliza fedha hiyo imefika wapi.

*Inawafaa* vijiji ambavyo bado havijakubali kwamba vina tatizo, na vile ambavyo viongozi wake wakishawishika mambo husogea.

Nyumba kwa nyumba

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafika nyumbani, anakaa, anatazama kadi ya kliniki, anauliza mtoto amekula nini tangu jana, kisha anashauri jambo moja au mawili yanayowezekana katika nyumba hiyo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kuwaongeza wahudumu hawa hadi vitongojini, kwa hiyo vijiji vilivyofikiwa na mpango huo haviko tena pale vilipokuwa zamani, ambapo mhudumu mmoja wa kujitolea aliachiwa kijiji kizima.

*Inamfikia nani.* Hakuna njia inayoifikia familia vizuri kama hii. Bibi yupo, na anaweza kuzungumziwa kwa Kihehe au Kibena kwa heshima yake. Baba akirudi anakuta mazungumzo. Yale yasiyosemwa mkutanoni yanatoka hapa: kwamba mjamzito ameambiwa asile mayai mtoto asije akazaliwa bila nywele, kwamba mtoto hutulizwa kwa ulanzi, pombe ya mianzi, msimu wake unapofika, kwamba nyama ni ya wakubwa. Bibi aliyelea watoto wengi hawezi kukubali kusahihishwa mbele ya kijiji, na kwangu ni sawa asikubali. Akisikilizwa kwanza kwenye kigoda chake, akaulizwa yeye aliwalishaje wanawe mwaka wa njaa, mara nyingi anageuka kuwa mwalimu wa nyumba hiyo. Nimekuja kuamini kwamba nyumba nyingi zinakwama kwa bibi asiyeshirikishwa, kuliko kwa mama asiyejua.

*Mikono au mdomo.* Inategemea mhudumu. Mzuri ataomba kuona uji wenyewe na atamwonyesha mama hapohapo: ukiuchota kwa kijiko na kukiinamisha, usimwagike kama chai. Asiyefundishwa vizuri atasoma vipeperushi kwa sauti na kuondoka.

*Marudio.* Mara moja kwa mwezi inawezekana, na ushauri unaweza kufuata umri wa mtoto.

*Msimu.* Inastahimili kuliko zote, kama mhudumu yuko tayari kupita jioni. Na mhudumu naye ana shamba.

*Gharama.* Kubwa. Posho, usafiri, mafunzo ya kurudia, na mtu wa kumsimamia. Katika wilaya za Shurugwi na Chirumanzu, Zimbabwe, utafiti uliotoa matokeo mwaka 2019 uliwatumia wahudumu wa vijiji kutembelea kaya, wakifundisha ulishaji na kumpa mtoto kirutubisho kidogo cha kila siku. Udumavu wa watoto wa miezi 18 ulikuwa asilimia 27, dhidi ya 35 kwa wasiopata huduma hiyo. Ni nafuu ya kweli, lakini ilipatikana kwa elimu na kirutubisho pamoja, kwa wahudumu waliosimamiwa kwa karibu. Anayepanga kutuma watu watembee bila usimamizi asijipe matarajio hayo.

*Inawafaa* vijiji vilivyotawanyika, kaya zinazokosa mikutano, akina mama vijana, na popote ambapo anayeamua ni bibi au baba.

Kikundi cha majirani kinachopika

Akina mama kumi hadi kumi na watano wanaoishi jirani wanakutana kila wiki mbili kwa mmoja wao. Kila mmoja anakuja na alichonacho: unga, maharage, karanga, dagaa, majani ya maboga, parachichi, yai moja. Wanapika pamoja, watoto wanakula palepale, wanazungumza. Kiongozi ni mmoja wao, naye hukutana na viongozi wenzake kwa mafunzo. Ngazi hizi mbili zilibuniwa mkoa wa Gaza, Msumbiji, mwaka 1995: mwezeshaji mmoja anafundisha majirani kumi hadi kumi na watano wanaojitolea, na kila mmoja wao anabeba idadi kama hiyo ya kaya.

*Inamfikia nani.* Akina mama, kwa undani. Akina baba kwa nadra, labda siku kikundi kikiwaalika kuonja.

*Mikono au mdomo.* Mikono hasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya udumavu inatengenezwa ndani ya sufuria ya uji. Tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake; mtoto wa kilo nane anashiba kwa kikombe kimoja. Kikombe hicho kikiwa maji na sembe, ameshiba na hakupata kitu. Kikiwa uji mzito wenye karanga zilizosagwa, maziwa au unga wa dagaa, na kijiko kidogo cha mafuta, ni kikombe kilekile lakini chakula ni kingine. Maelezo haya kwa mdomo yanachosha. Kwenye kikundi, mama anaona uji wa jirani, anaonja, anamwona mwanawe akiumaliza.

Huko ndiko pia mambo ya unga husahihishwa. Uji wa lishe wa nafaka saba au nane unaouzwa kama dawa ya kila kitu unawagharimu akina mama fedha ambayo ingenunua mayai. Nafaka moja na mkunde mmoja vinatosha, soya ikaangwe kabla ya kusagwa, na karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitolewe moja moja kwa sababu ya sumukuvu. Kuchambua karanga ni kazi ya mikono mingi, na mikono ipo.

*Marudio.* Mengi, kama kikundi hakijafa. Vikundi hufa kwa sababu zinazojulikana: posho iliyoahidiwa na kukatwa, kiongozi aliyechaguliwa na mtendaji badala ya majirani, au vikao kugeuzwa mahali pa kukusanya michango mingine.

*Msimu.* Hutikisika wakati wa palizi. Vinavyodumu huhamisha kikao Jumapili mchana au hufupisha.

*Gharama.* Fedha ni kidogo, muda wa akina mama ni mwingi, na muda huo unakatwa kwenye kuni, maji na shamba. Tena, anayeshindwa kuleta hata konzi ya maharage huacha kuja kimyakimya. Kikundi chenye busara kinamwambia alete kuni au maji, naye anahesabiwa sawa na wenzake.

*Inawafaa* vitongoji vyenye nyumba za karibu na chakula kilichopo, ambapo kinachokosekana ni namna ya kukitumia.

Redio na vikundi vya wasikilizaji

Tanzania ina historia nzito hapa. Baada ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai: watu walikaa kwa vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakajadili na kuamua hatua ya kuchukua. Leo zipo redio za jamii katika wilaya nyingi, na simu zinazonasa redio ziko mifukoni.

*Inamfikia nani.* Wanaume, na hilo ni kubwa. Baba ambaye hatakanyaga kliniki anasikia kijiweni, dukani, shambani, kwamba mjamzito apunguziwe kubeba mizigo mizito na kwamba yai la mtoto lisiuzwe. Akisikia baba mwenzake akisimulia hewani, linamwingia kuliko likisemwa na mtaalamu. Bibi asiye na redio yake, au mama ambaye simu ya nyumba iko kwa mume, anaweza kukosa kabisa.

*Mikono au mdomo.* Mdomo mtupu. Uzito wa uji hauonekani redioni.

*Marudio.* Kila wiki, hata kila siku. Lakini kipindi hakijui mtoto wako ana miezi mingapi.

*Msimu.* Inamfuata mtu hadi shambani.

*Gharama.* Kwa kila msikilizaji ni ndogo sana. Kwa kijiji kimoja ni kubwa. Ni njia ya wilaya, au ya vijiji kadhaa vilivyoungana. Bila vikundi vya kusikiliza na kujadili, hubaki sauti nzuri inayopita.

*Inawafaa* wanaotaka kubadili mazoea ya eneo zima: miiko ya mayai, ulevi unaokula fedha ya mboga, kazi za mjamzito.

Neno kuhusu ujumbe wenyewe

Njia yoyote mtakayochagua, punguzeni ujumbe. Huko Trujillo, Peru, katika mitaa maskini ya pembezoni mwa mji, vituo vya afya vilirudia mambo machache tu: mtoto apewe kwanza chakula kizito kabla ya supu nyepesi; apate maini, yai au samaki kila siku; alishwe kwa upendo na subira. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa walipofika miezi 18, waliodumaa walikuwa asilimia 5, na 16 kwa watoto wa vituo vingine. Ilikuwa mjini, na chakula kilikuwepo. Lakini somo la ujumbe mchache unaorudiwa na kila mtu kwa maneno yaleyale linasafiri vizuri hadi Makete, huko Njombe.

Mkichagua kwa hali yenu

Kama viongozi wenu bado wanasema "watoto wetu ni wafupi kwa asili", anzeni na siku ya kijiji yenye ubao wa kupimia urefu, na matokeo yasomwe kwa kila kitongoji. Msitumie fedha kwa kingine hadi hilo litokee.

Kama wote wanakubali tatizo lipo, chakula kipo, na nyumba ziko karibu, fedha iende kwenye vikundi vya kupika. Kiongozi achaguliwe na majirani, na asiahidiwe posho ambayo hamna uhakika nayo.

Kama akina mama wanashinda kwenye vibarua na watoto wako kwa bibi, vikundi vya akina mama vitawakosa walengwa. Wekeni nguvu nyumba kwa nyumba, jioni, hata kama mtafikia kaya chache. Chagueni kwanza zenye wajawazito na watoto wa chini ya miaka miwili.

Kama kikwazo ni baba, na mnajua kwamba mayai yanauzwa na fedha inaishia kilabuni, ongeeni na redio ya wilaya kwa pamoja na vijiji jirani, na mpate akina baba wawili watatu wa hapohapo walio tayari kusema hewani wanachofanya nyumbani kwao. Huku mkisubiri, mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwaita wanaume peke yao.

Kama fedha inatosha njia mbili, siku ya kijiji na vikundi vya kupika vinakaa pamoja vizuri, kwa sababu ya kwanza inaonyesha nani amebaki nyuma na ya pili inampa mahali pa kwenda Alhamisi inayofuata. Pale ambapo wahudumu wa jamii tayari wapo na wanalipwa, msiwaundie kazi mpya. Wapeni orodha ya majina ya waliokosa kupimwa, waanzie hapo.

Na kama mnaanza mwezi Novemba, mbegu zikiingia ardhini, acheni mikutano yote hadi palizi ipite. Miezi hiyo mhudumu apite nyumba zenye mtoto wa miezi sita hadi kumi na mbili tu, aulize nani analisha mtoto mchana, na aongee na huyo.